Kampuni ya nje, biashara ya Lamu: maswali ya kodi ninayoulizwa kila wiki

Nafanya hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Lamu: washonaji kofia za vito, wauza vikoi, masonara, wachongaji wa masanduku, na vijana wanaowapangishia wageni mashua kupitia simu. Tangu wateja wa Ulaya na Marekani waanze kununua moja kwa moja mtandaoni, swali ni lile lile, sura tu ndiyo hubadilika: nikiihamisha biashara nje kwa karatasi, kodi itapungua? Nimeyaandika hapa kama ninavyoulizwa. Viwango ni vya sheria nilivyoikuta ninapoandika, na Bunge huigusa sheria ya fedha karibu kila mwaka kabla ya Julai, kwa hivyo tazama tena kabla hujatoa pesa yako.

Nikisajili kampuni Marekani au Dubai, KRA bado ina haja na mimi?

KRA, yaani mamlaka ya kodi ya Kenya, ina haja, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Sheria ya Kodi ya Mapato, sura ya 470, haiishii kuuliza kampuni imeandikishwa wapi. Inauliza pia nani anaiendesha, na anaiendesha akiwa wapi. Kampuni iliyoandikishwa ng'ambo, ikiwa usimamizi na maamuzi yake mwaka ule yamefanyika Kenya, ni mkaazi wa Kenya kwa hesabu ya kodi, sawasawa na iliyoandikishwa Nairobi.

Sasa jitazame. Bei unapanga wewe, umeketi barazani kwako Mkomani. Fundi unampigia simu wewe. Neno la siri la benki unalo wewe peke yako. Mzigo unaufunga wewe, unaupeleka gatini uvuke Mokowe ukapande basi. Kilichoko Delaware, jimbo la Marekani ulikoiandikisha, ni kitu gani? Karatasi moja yenye jina.

Juu ya hayo kuna kifungu cha 4 cha sheria hiyo hiyo. Mkaazi wa Kenya akifanya biashara moja, sehemu yake ikawa ndani ya nchi na sehemu nje, faida yote huhesabiwa kuwa imepatikana Kenya. Yote, si ile ya upande wa huku tu. Ndiyo maana nikiambiwa "lakini wateja wangu wote ni wazungu, wako kwao", huwa nasikitika kumjibu mtu kwamba hilo halimwokoi.

Mbona basi vijana wengi wana LLC ya Marekani?

LLC ni aina ya kampuni ya Marekani ambayo hata mtu mmoja anaweza kuifungua. Wengi wao hawakuanza kwa sababu ya kodi. Walianza kwa sababu ya malipo. Stripe, huduma ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni, haimfungulii akaunti moja kwa moja mwenye biashara iliyoandikishwa Kenya, na mnunuzi wa Boston hataki kusumbuka, anataka kuweka kadi yake na kuondoka. Hiyo ni sababu ya halali kabisa, na mimi mwenyewe nimewasaidia watu kuifuata. Shida huja pale anayekuuzia kampuni anapoongeza maneno: "na kodi pia hutalipa popote."

LLC ya mtu mmoja ambaye si Mmarekani, kwa kawaida, Marekani huiona kama haipo, inamtazama mwenyewe. Ikiwa biashara yenyewe haifanyiki Marekani, huenda asidaiwe kodi ya mapato huko. Mpaka hapo muuzaji amesema kweli. Asichokisema ni mambo mawili. La kwanza ni kwamba pesa ile ile inangojwa Kenya. La pili ni fomu 5472, ambayo mwenye LLC ya namna hii lazima aipeleke kila mwaka pamoja na fomu 1120, kuonyesha pesa aliyoingiza na aliyotoa, hata kama hadaiwi senti. Asipoipeleka, adhabu inaanzia dola 25,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 3, kwa fomu tu.

Ramadhani moja, baada ya tarawehe, alikuja kwangu dada mmoja na daftari la shule la kurasa 96. Humo ameandika kwa penseli kila kofia aliyouza kwa miaka mitatu: jina la mshonaji, tarehe iliyovuka maji, nchi iliyokwenda. Kazi safi, nimeona kampuni kubwa zisizo na kumbukumbu kama ile. Nikamuuliza, "Fomu za Marekani umepeleka?" Akanyamaza, akalifunga daftari taratibu. Wakala aliyemsajilia, ambaye alimjua mtandaoni tu, alikuwa amemwambia hakuna cha kupeleka kwa kuwa hana mapato huko. Tulikaa mpaka daku tukizipanga takwimu za miaka mitatu ili mtaalamu wa huko azipeleke kwa hiari yake kabla hajaulizwa. Yule dada hakuwa mwizi wa kodi. Aliambiwa nusu ya maneno.

Nionyeshe kwa tarakimu. Nitaokoa kiasi gani?

Twende polepole, maana hapa ndipo pesa yenyewe ilipo.

Chukua mtu anayeuza kofia na vikoi vya shilingi 4,200,000 kwa mwaka. Akiwa na jina la biashara tu na PIN yake ya KRA, mauzo yakiwa kati ya milioni 1 na milioni 25, anaangukia kwenye kodi ya mauzo ghafi, ile tunayoiita TOT. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Kodi yake ni shilingi 126,000, na ndiyo ya mwisho kwa mapato hayo.

Mtu huyo huyo, tuseme faida yake halisi baada ya kulipa washonaji, kitambaa, usafiri na ada za kadi ni 1,300,000. Angekuwa kwenye kodi ya kawaida ya mtu binafsi, 288,000 za kwanza ni asilimia 10, laki moja inayofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Ondoa nafuu ya binafsi ya 28,800 kwa mwaka, atabaki kudaiwa 298,600. TOT imemwokolea zaidi ya 170,000, wala hajavuka bahari.

Sasa mpe kampuni ya nje anayoiendesha kutoka Lamu. Ikihesabiwa kwa njia ya kawaida ya kampuni, ni asilimia 30 ya faida: 390,000. Akijigawia faida hiyo, gawio nalo linakatwa kodi yake. Tia ada ya mwaka ya jimbo, ambayo Delaware ni dola 300 na Wyoming inaanzia dola 60, tia wakala wa anwani, tia mtaalamu wa kujaza zile fomu. Amelipa ili kodi iongezeke.

Lakini TOT nayo si ya kila mtu. Faida ya mwenye mauzo yale yale ingekuwa 400,000 tu, kwa kuwa anauza vitu vya ghali vyenye faida nyembamba, kodi ya kawaida ingemwangukia 28,600 ilhali TOT ingembana kwa zile zile 126,000. TOT haiulizi kama umepata au umekula hasara. Mtu wa namna hiyo anaruhusiwa na sheria kumwandikia Kamishna kuomba atoke TOT na ahesabiwe kwa faida. Nimeona wengi wakilipa asilimia 3 miaka na miaka kwa kuwa hakuna aliyewaambia mlango upo. Barua hiyo moja inaweza kukuokolea zaidi ya kampuni yoyote ya kigeni.

Na TOT haigusi ada za kitaalamu wala za usimamizi. Mchora tovuti, mfasiri, mshauri: hao wako kwenye kodi ya kawaida tangu mwanzo.

Gharama zangu nyingi hazina risiti. Washonaji ni akina mama majumbani. Si bora niende nje ambako hawaulizi risiti?

Swali hili lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu gharama zisizokubalika ndizo zinazowafanya watu wahisi kodi ya Kenya ni kubwa mno. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na invoisi ya eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, haihesabiki kupunguza faida. Mama wa Langoni anayekushonea kofia kwa miezi, unamlipa kwa M-Pesa, hana eTIMS na hajui ni nini. Basi ukimlipa 7,000 kwa kofia, KRA inaiona kama 7,000 hiyo umeitia mfukoni mwako.

Dawa yake ipo. Marekebisho ya mwisho wa mwaka 2024 yamemruhusu mnunuzi kumtolea invoisi mwenyewe yule anayemuuzia, ikiwa mauzo ya muuzaji huyo kwa mwaka hayazidi milioni 5. Yaani wewe ndiye unayeitengeneza invoisi kwa niaba ya mama, yeye anaikubali. Anahitaji PIN. Kaa naye, mfungulie, mweleze ni ya nini, usichukue kitambulisho chake ukaenda nacho. Nimelifanya hili na washonaji wa mtaa mmoja kwa muda wa wiki mbili, nyumba kwa nyumba, na faida ya mwenye duka ikashuka kwenye karatasi mpaka ikafanana na faida aliyokuwa nayo kweli. Hiyo ndiyo kodi iliyopungua kwa haki.

Kwa mauzo yako mwenyewe, asiye na kompyuta anaweza kutoa invoisi ya eTIMS kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Kumbukumbu zote zihifadhi miaka 5.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, je? Nikiuza nje ya nchi natoza asilimia 16?

Hutozi. Bidhaa zinazosafirishwa nje ni za kiwango sifuri, na huduma zinazotumika nje ya Kenya nazo zilirudishwa kwenye kiwango sifuri na sheria ya fedha ya 2023. Kiwango sifuri si sawa na msamaha: ukiwa umejiandikisha VAT, unadai urudishiwe VAT uliyolipa kwenye kitambaa, vifungashio na vifaa. Kujiandikisha ni lazima mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, na chini ya hapo unaweza kuomba kwa hiari. Kumbuka tu kwamba aliyejiandikisha huwasilisha ritani kila mwezi kabla ya tarehe 20, awe ameuza au hakuuza, na kwamba utatakiwa uthibitishe mzigo umetoka nchini. Kile kipande cha karatasi unachopewa ukituma kifurushi, ambacho wengi hukitupa, ndicho ushahidi wenyewe.

Mjomba wangu anaishi Birmingham. Tukiandika kampuni kwa jina lake?

Huu ndio mpango ninaouogopa kuliko yote, na ndio unaopendwa kuliko yote, kwa sababu ndani yake mna mapenzi na kuaminiana. Mjomba amekulea, hawezi kukuibia. Mimi simsemi mjomba. Nasema karatasi.

Ikiwa mjomba kweli anafanya biashara, anapokea mizigo, anaiweka kwake, anajibu wateja, anapanga bei, basi hiyo ni kampuni ya Uingereza yenye kazi Uingereza, italipa asilimia 19 ya faida ikiwa faida haizidi pauni 50,000, na wewe wa Lamu utakuwa muuzaji wake. Jambo jema. Linataka mkataba, linataka invoisi, na bei mnayouziana iwe ile ambayo watu wasiojuana wangekubaliana. Kenya ina kanuni za bei kati ya wafanyabiashara wenye uhusiano tangu 2006. Ukimuuzia kofia kwa 7,200 iliyokugharimu 7,000, naye akaiuza kwa dola 120, ofisa atauliza kazi ya tofauti hiyo imefanyika wapi. Ikiwa picha umepiga wewe, maelezo umeandika wewe na wateja umewajibu wewe, atairudisha faida Lamu.

Ikiwa mjomba ni jina tu, basi mnatia sahihi mambo yasiyo kweli katika nchi mbili. Uingereza inataka mwenye mamlaka halisi juu ya kampuni aandikwe, na tangu Novemba 2025 wakurugenzi wanathibitisha utambulisho wao. Mjomba ndiye atakayejibu.

Tena kuna jambo ambalo watu hawalitaji mpaka siku imefika. Mjomba akifariki, hisa ni zake. Zinaingia katika mali yake. Asipoacha wasia, zitagawanywa kwa sheria ya Uingereza, kwa mkewe na wanawe wa huko, ambao huenda hata hawajui kwamba duka ni lako. Utakwenda kwa Kadhi wa Lamu umwambie nini, na mali iko Birmingham kwa jina la marehemu? Nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa jambo dogo kuliko hili.

Dubai hakuna kodi, si kweli?

Ilikuwa karibu na kweli. Tangu Juni 2023 Falme za Kiarabu zina kodi ya kampuni: sifuri mpaka faida ya dirham 375,000, na asilimia 9 juu ya hapo. Kuna nafuu ya biashara ndogo kwa wasiozidi mauzo ya dirham milioni 3, lakini imewekewa mwisho, vipindi vinavyoishia Desemba 2026. Kwa mfanyabiashara wa ukubwa wetu kodi yenyewe si tatizo. Tatizo ni leseni, viza na ofisi, ambavyo kila mwaka vinakula maelfu ya dirham uuze usiuze.

Na tatizo kubwa ni wewe uko wapi. Watu wa Lamu tumekuwa tukienda Ghuba tangu enzi za babu zetu, na tunarudi. Sheria inasema mtu mwenye makao ya kudumu Kenya, akiwapo nchini kipindi chochote katika mwaka, ni mkaazi wa mwaka ule. Zile siku 183 zinazotajwa kila mahali ni za yule asiye na makao hapa. Una nyumba Lamu, mke na watoto wako ndani, unakuja Maulidi siku 10: wewe ni mkaazi. Mshahara unaojilipa kutoka kampuni yako ya Dubai unaingia kwenye ritani yako ya Kenya. Na ikiwa ndugu yako ndiye anayefunga mizigo huku kwa niaba ya kampuni hiyo, sehemu ya biashara iko Kenya. Kenya na Falme za Kiarabu zina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili, nao husaidia kuamua mtu ni wa wapi pale nchi mbili zinapomvuta, lakini unamsaidia aliyehama kweli.

Kwa mtu anayehama kweli, na familia, na ofisi, na maamuzi, sina neno. Aende na heri, na aombe hati ya ukaazi wa kodi ya huko ili awe na kitu cha kuonyesha.

Estonia na ile kadi yao ya kidijitali?

Kadi inakupa njia ya kufungua na kuendesha kampuni ya Estonia kwa mtandao tangu mwishoni mwa 2014. Haikupi ukaazi wa kodi, na serikali ya Estonia yenyewe inasema hivyo wazi. Huko faida haitozwi mpaka igawiwe, ikigawiwa ni asilimia 22 tangu 2025. Unaiendesha ukiwa wapi? Shela. Basi rudi kwenye swali la kwanza.

Zanzibar?

Kodi ya kampuni Tanzania ni asilimia 30, sawa na yetu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuzuia kodi mara mbili ulitiwa saini lakini haujaanza kutumika. Ukiwa na soko Zanzibar, nenda kwa sababu ya soko.

Nina nyumba Shela naipangisha kwa wageni. Kampuni ya nje ikiimiliki?

Nyumba haihami. Mapato ya nyumba iliyoko Kenya yanatozwa Kenya, hata mwenyewe akiwa Roma au Muscat, na asiye mkaazi anakatwa asilimia 30 ya kodi ya pango yote, bila kutoa gharama. Umejihamisha kutoka nafuu kwenda kwenye dhiki. Wenzetu wa Malindi wenye nyumba za kushirikiana na Wataliano wanalijua hili vizuri: Kenya na Italia zilitia saini mkataba 1979, lakini haujaanza kufanya kazi.

KRA watajuaje kama pesa iko benki ya nje?

Kenya imo katika mkataba wa kimataifa wa kusaidiana mambo ya kodi, na tangu 2023 ina kanuni za kubadilishana taarifa za akaunti za benki. Benki ya nchi iliyomo katika mpango huo ikiona mwenye akaunti ni mkaazi wa Kenya, salio lake linaandikwa na kutumwa. Uingereza, Estonia, Mauritius na Falme za Kiarabu zimo. Marekani haimo katika mpango huo, lakini pesa haikai huko: inarudi Lamu, inalipa washonaji, inajenga ghorofa ya pili.

Lakini swali hili silipendi, na nawaambia wateja wangu hivyo hivyo. Aliyepanga biashara yake vizuri hana haja ya kujua kama ataonekana. Mpango ambao lengo lake ni kukwepa tu, sheria ya taratibu za kodi inautoza adhabu mara mbili ya kodi iliyokusudiwa kuepukwa. Ukiingia udanganyifu, ni faini ya mpaka milioni 10 au mara mbili ya kodi, iliyo kubwa zaidi, au kifungo kisichozidi miaka 10.

Kuna hali ambayo wewe mwenyewe ungemshauri mtu afungue nje?

Ipo. Mchongaji mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na wateja wengi Uingereza, masanduku mazito, na kila moja likienda peke yake usafiri ulikuwa unakula faida. Akapata mshirika huko mwenye ghala, mtu wa kazi, si jina. Wakafungua kampuni ya Uingereza kwa hisa nusu kwa nusu. Maamuzi ya mauzo ya huko hufanywa huko, yanaandikwa. Kampuni ya Lamu inatengeneza na inauza kwa bei yenye faida ya haki, inalipa kodi yake hapa. Kodi ya jumla haikushuka sana. Kilichoshuka ni usafiri, na mauzo yakapanda.

Hata hapo kuna mtego. Kampuni yenye makao ya kweli Uingereza hujiandikisha VAT mauzo yakipita pauni 90,000. Lakini muuzaji ambaye hana makao halisi huko, akiweka bidhaa ghalani Uingereza na kuziuza, anatakiwa kujiandikisha tangu pauni ya kwanza. Kuandikwa kwenye daftari la makampuni peke yake hakumfanyi awe na makao. Umoja wa Ulaya nao, tangu Julai 2021, kila kifurushi kina VAT hata kiwe cha euro 5; kwa vya mpaka euro 150 kuna mpango wa IOSS unaokuwezesha kuitoza dukani mwako, ila muuzaji wa Kenya lazima awe na wakala aliyeko Ulaya. Usipofanya hivyo mteja wako wa Milano ataombwa pesa mlangoni, atakasirika, atarudisha kofia. Na Marekani iliondoa msamaha wa ushuru wa vifurushi vya chini ya dola 800 tarehe 29 Agosti 2025, kwa nchi zote. LLC yako haibadilishi lolote katika hilo. Ushuru unafuata kofia ilikotoka.

Kinyume chake, kampuni ya kigeni ikiwa na kituo hapa, yaani ofisi, watu, karakana, faida ya kituo hicho ni asilimia 30 na asilimia 15 nyingine juu ya inayopelekwa kwao. Kwa duka dogo sioni njia hiyo ikimfaa mtu.

Na maeneo maalum ya kiuchumi ya hapa hapa Kenya?

Yana kodi ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya mwanzo, kisha 15 kwa miaka 10 mingine. Ni nafuu ya kweli, lakini imekatwa kwa kipimo cha viwanda na wawekezaji wenye leseni, si kwa muuza vikoi.

Nimeshafungua LLC na sijawahi kuitaja kwenye ritani yangu. Nifanye nini?

Usiiache ikafa yenyewe. Kampuni iliyoachwa haifi, inaendelea kuzaa ada na faini kwa jina lako.

Anza Kenya. Toa taarifa za akaunti zote tangu siku ya kwanza: za kadi, za PayPal, za benki ya nje, na M-Pesa. Zipange kwa mwaka. Ritani ya zamani inaweza kurekebishwa kwenye iTax, tovuti ya KRA, ndani ya miaka 5, na wewe kujirekebisha kabla hujaitwa ni tofauti kubwa na kuitwa kwanza. Kodi iliyochelewa ina faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Ikiwa ni nyingi, andika kuomba kulipa kwa awamu.

Kisha amua kama unaihitaji LLC. Ikiwa ndiyo njia yako ya kupokea kadi, ibakishe, lakini iandike kwenye vitabu vyako kama ilivyo: mfuko wa kupokelea pesa ya biashara ya Lamu. Ikiwa huihitaji, subiri marejesho ya wateja yaishe, maana benki ikifungwa mapema pesa ya mteja aliyerudisha bidhaa itakosa pa kupitia. Toa salio lote. Peleka fomu 5472 ya mwaka wa mwisho, ikionyesha pesa uliyoitoa. Lipa ada ya jimbo ya mwaka huo, ndipo upeleke hati ya kuivunja, na uiombe nakala yenye muhuri. Yule dada wa daftari la penseli, nakala yake ilimfikia baada ya miezi minne. Ameibandika kwenye jalada la mwisho la daftari lile lile.